Baiskeli Kuukuu ya Milimani, Kutoka Ng'ambo hadi Muhoroni

Baiskeli ya milimani ni baiskeli iliyoundwa kwa ajili ya njia zisizo na lami: fremu yake ni fupi na imara, matairi yake ni mapana yenye meno, gia zake ni nyingi ili mwendeshaji apande kilima bila kushuka, na breki zake zinabana kwa nguvu hata mkono ukiwa umechoka. Wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani wanapoitaja baiskeli hiyo kuwa ya kale, aghalabu humaanisha ile iliyotengenezwa kati ya mwanzo wa miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990, kabla ya uma wenye springi na fremu za alumini kulitawala soko. Mazungumzo haya yanachunguza namna baiskeli ya aina hiyo inavyoweza kununuliwa ng'ambo na kufufuliwa Muhoroni, katika ukanda wa miwa wa Kaunti ya Kisumu, na yanatetea rai moja: kwamba mnunuzi ananunua fremu ya chuma, na kwamba kila kifaa kingine kilichofungwa juu yake kinafaa kupimwa kwa swali la kama fundi wa Muhoroni, wa Ahero au wa soko la Kibuye jijini Kisumu anaweza kukitengeneza kwa vipuri alivyo navyo.

Historia ya chombo hiki inaiunga mkono rai hiyo kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu baiskeli ya milimani haikuzaliwa kiwandani. Katika miaka ya 1970, vijana wa Kaunti ya Marin huko California, karibu na Mlima Tamalpais, walizikusanya baiskeli nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940 zilizokuwa zimetupwa, wakazivua mapambo, wakazifunga matairi mapana, na kuanza kushindana kushuka nazo mlimani. Njia moja ya mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1976, ilipewa jina la Repack, neno linalomaanisha kujaza upya, kwa kuwa breki za siku hizo, zile zinazoshika pedali zikirudishwa nyuma, zilipata moto mkali kiasi kwamba grisi yote ndani ya habu iliungua na kutoka kama moshi, na kila baada ya mteremko fundi alilazimika kuifungua habu na kuijaza grisi mpya. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu mpya mahsusi kwa kazi hiyo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza biashara ya kuuza baiskeli zenye fremu za Tom Ritchey. Na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilileta Stumpjumper, baiskeli ya milimani ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, ambayo fremu zake ziliundwa Japani. Mwaka uliofuata, kampuni ya Shimano ya mji wa Sakai, Japani, ilitoa seti ya gia na breki iitwayo Deore XT, iliyobuniwa kwa matumizi ya milimani. Kwa hiyo, fundi wa Muhoroni anayeichukua baiskeli iliyochoka na kuifanya ipande tena kilima haigi mtindo wa watu wengine, bali anafanya kazi ileile iliyoizaa baiskeli hii.

Muhoroni nayo ni mahali panapoeleza kwa nini chombo hiki kina haja. Mji huu ulikua kando ya reli iliyofika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901, na baadaye ukajulikana zaidi kwa kiwanda cha sukari kilichoanzishwa katika miaka ya 1960. Upande wa magharibi yanatandazika Mabonde ya Kano, yenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama ulimbo wakati wa masika. Upande wa mashariki njia hupanda kuelekea Koru, Fort Ternan na milima ya Tinderet. Kati ya pande hizo mbili ziko barabara za mashambani zilizochimbwa na magurudumu ya trekta za miwa, ambazo huwa na mitaro miwili mirefu na tuta katikati, na mwenye baiskeli hana budi kuchagua apite wapi kati ya matope na mawe.

Kwa miongo mingi kazi ya barabara hizo imefanywa na baiskeli nyeusi ambayo Wakenya huiita Black Mamba, na ambayo Wajaluo, kama baiskeli nyingine yoyote, huiita ndiga. Hiyo ni baiskeli ya mtindo wa Kiingereza, iliyotengenezwa zaidi India na China, yenye breki za vyuma virefu badala ya waya, gia moja, na keria pana ya nyuma inayobeba gunia, mtungi wa maziwa au abiria. Ndiyo iliyofanya kazi ya bodaboda, jina lililoanzia mpakani Busia, kabla ya pikipiki kuichukua kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 2000. Heshima yake ni ya haki na haipaswi kupunguzwa. Hata hivyo ina udhaifu wa aina mbili ambao kila mkulima wa Kano anaujua: udongo mweusi hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na kwenye mteremko wa Koru, uzito wa kilo 20 na zaidi ukiongezewa mzigo, breki zake hazitoshi. Baiskeli kuukuu ya milimani ina nafasi kubwa kati ya tairi na uma, ina breki zenye nguvu, na uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo 12 na 15.

Hapa ndipo suala la ununuzi linapoanza. Njia za kuipata ni tatu. Ya kwanza ni soko la mitumba, yaani baiskeli zilizokwisha kutumika zinazoingia kupitia bandari ya Mombasa zikiwa zimepakiwa kwa mamia ndani ya kontena, kisha kusambazwa hadi Gikomba jijini Nairobi, Kibuye jijini Kisumu na miji midogo. Ya pili ni ndugu au rafiki aliye ng'ambo, anayeinunua, kuivunja vipande na kurudi nayo ndani ya boksi kama mzigo wake wa safari. Ya tatu ni kuagiza moja kwa moja kwa muuzaji wa Uingereza, Japani au Marekani. Njia hii ya tatu ndiyo yenye hesabu ngumu, kwa sababu ushuru wa forodha hutozwa juu ya jumla ya bei ya bidhaa, bima na nauli, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 huwekwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe, na bado kuna ada nyingine za uagizaji na malipo ya wakala wa forodha. Nauli ya baiskeli moja mara nyingi huipita bei ya baiskeli yenyewe, na kwa kuwa nauli hiyo nayo hutozwa ushuru, anayelipa nauli kubwa hulipa mara mbili. Kwa mkazi wa Muhoroni anayetaka chombo cha kazi, hukumu ni kwamba aanze Kibuye, ambako gharama zote hizo zimekwisha kugawanywa kwa kontena zima na ambako anaweza kuinua baiskeli kwa mkono wake. Kuagiza moja kwa moja kuachiwe yule anayetafuta fremu fulani anayoijua kwa jina.

Anayenunua kwa mbali hununua picha, na picha zinazohitajika si zile za ubavuni zinazopendwa na wauzaji. Picha ya kwanza ni ya chini ya mirija miwili, wa juu na wa chini, pale inapokutana na shingo ya usukani, kwa maana baiskeli iliyogonga ukuta huvimba au kujikunja hapo, na rangi hupasuka kwa mistari myembamba ya kukata mrija. Picha ya pili ni ya chini kabisa, kwenye bomba fupi linalopitisha ekseli ya pedali, ambako kwa kawaida hupigwa nambari ya fremu na ambako maji hutuama na kuanzisha kutu. Picha ya tatu ni ya herufi mbili ndogo zilizogongwa kwenye vifaa vya Shimano, kwa mfano nyuma ya mkono wa pedali: herufi ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976 na kuendelea kwa mpangilio wa alfabeti, na ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari, hivyo herufi MD husomwa Aprili 1988. Alfabeti hiyo ilianza upya mwaka 2002, kwa hiyo mnunuzi huisoma pamoja na umbo la baiskeli yenyewe. Picha ya nne ndiyo yenye thamani kuliko zote, na wanunuzi wengi hawaiombi: ni ya nguzo ya kiti ikiwa imeinuliwa sentimita tano juu ya ilipokuwa. Muuzaji akiituma, nguzo inatoka. Akisema kwamba haina haja, huenda imeganda.

Kuganda kwa nguzo ya kiti kunahitaji kuelezwa, kwani ndiko kunakoziua fremu nyingi nzuri. Nguzo hiyo aghalabu ni ya alumini na fremu ni ya chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, hasa maji yenye chumvi kama ile inayomwagwa kwenye barabara za Ulaya wakati wa barafu, huzuka mkondo mdogo wa umeme kama wa betri, alumini huliwa, na unga mweupe unaotokea huvimba na kuikaza nguzo ndani ya mrija kana kwamba imechomelewa. Fundi mwenye haraka huishika kwa bomba la kuongezea nguvu na kuivunja, au huupinda mrija wa fremu. Mwenye subira huigeuza fremu juu chini, hutia mafuta mepesi yanayopenya kupitia ndani ya bomba la pedali, huiacha siku kadhaa akirudia kutia asubuhi na jioni, kisha huibana nguzo kwenye jiliwa na kuizungusha fremu yenyewe polepole huku na huku, kwa kuwa urefu wa fremu unampa nguvu isiyo ya ghafla. Unga mweupe ukianza kutoka kama chokaa ya Koru, kazi imekwisha nusu.

Baada ya nguzo huja kutu, na hapa Muhoroni ina hazina ambayo wafufuaji wa baiskeli wa London au Osaka wangeionea wivu, nayo ni molasi. Molasi ni uji mweusi mzito unaobaki baada ya sukari kugandishwa na kutenganishwa, na ambao mjini humu humu hutumiwa kutengenezea spiriti na hamira. Molasi iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa hivi, huondoa kutu: viambata vilivyomo huishika oksidi ya chuma na kuitoa juu ya chuma kizima bila fujo ya tindikali. Vipande vya chuma kama nati, vikombe vya gololi, meno ya mnyororo na uma hulazwa ndani ya pipa lililopasuliwa kwa urefu, hufunikwa ili kuzuia nzi na watoto, na huachwa kati ya wiki moja na tatu vikikaguliwa kila baada ya siku chache. Vikitolewa vinakuwa na rangi ya kijivu iliyokolea kama risasi ya penseli, na sharti vioshwe, vikaushwe juani na kupakwa mafuta saa ileile, la sivyo kutu mpya ya manjano hurudi kabla ya jioni. Alumini haiingizwi humo kamwe, kwani mchanganyiko huo huichubua na kuila. Rimu, habu na mikono ya breki ya alumini hubaki nje. Fremu nzima ikizamishwa, lazima matundu yake yote madogo yafunguliwe ili molasi itoke yote, na mirija yake imiminiwe mafuta ndani baada ya kukauka. Njia hii ni ya polepole na ina harufu, lakini haihitaji umeme, haihitaji kemikali ya kuagizwa, na malighafi yake inatoka kwenye miwa ileile ambayo baiskeli itapita kando yake.

Sababu ya kuitafuta fremu ya chuma na si ya alumini inaonekana pale inapovunjika. Fremu bora za kipindi hicho zilitengenezwa kwa kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kiasi kidogo cha kromiamu na molibdenamu, ambacho kina nguvu hata mrija ukiwa mwembamba. Chuma hicho kikipata ufa, fundi wa jua kali anayejua kutumia moto wa gesi na shaba nyeupe au ya njano anaweza kukiunga na kikadumu. Alumini ikipata ufa inahitaji mashine maalumu ya kuchomelea na, mara nyingi, kupikwa upya kwenye tanuri ili irudishe ugumu wake, jambo ambalo kati ya Muhoroni na Kisumu si rahisi kulipata. Baiskeli za bei nafuu za miaka ya karibuni zenye springi mbele na nyuma, ambazo vijana wengi huzipenda kwa sura, ni mbaya zaidi: springi zake huchoka, na hakuna kipuri kinachoingia mahali pake.

Kuhusu vipuri, kosa linalorudiwa zaidi ni la matairi. Watu husema inchi 26 kana kwamba ni kipimo kimoja, ilhali kuna namba tofauti zilizofichwa ndani ya jina hilo. Tairi pana la baiskeli ya milimani hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 559, ilhali tairi jembamba la inchi 26 la baiskeli nyingi za mjini za Uingereza na Japani hukaa kwenye rimu ya milimita 590, na hayaingiliani hata yakilazimishwa kwa spana. Black Mamba yenye magurudumu ya inchi 28 ina rimu ya milimita 635. Namba hizo huchapwa ubavuni mwa tairi baada ya kistari, na mnunuzi anayeisoma 559 amejihakikishia tairi ambalo hupatikana karibu kila duka la baiskeli Kisumu.

Kwenye gia, baiskeli za mwanzo zilikuwa na leva za msuguano, ambazo mwendeshaji huzisogeza kwa kidole gumba mpaka asikie mnyororo umetulia. Kuanzia mwaka 1987 Shimano iliziletea baiskeli za milimani leva zinazoruka hatua kwa hatua kwa mlio. Mkusanyaji hupenda za pili. Kwa Muhoroni leva ya msuguano ni bora, kwa sababu haijali idadi ya meno ya nyuma wala jina la kampuni iliyotengeneza kipuri, na waya ukilegea mkono hurekebisha wenyewe. Kadhalika habu ya nyuma yenye friwili ya kufungwa kwa hesi ina faida kwamba, gia zote zikifa, friwili ya gia moja ya kawaida huingia kwenye hesi ileile na safari ikaendelea. Ina hasara pia, na ni vyema isemwe wazi: gololi zake za upande wa mnyororo ziko ndani mbali na ncha ya ekseli, hivyo ekseli hupinda mzigo ukizidi. Anayekusudia kubeba magunia aitafute habu ya kaseti, ambayo gololi zake ziko nje zaidi, au abaki na Black Mamba yake.

Kuifungua baiskeli kuna elimu yake. Kikombe cha ekseli ya pedali upande wa mnyororo, kwenye fremu za kipimo cha Kiingereza, kina hesi ya kushoto, kwa hiyo hufunguka kikizungushwa kama mshale wa saa. Pedali ya kushoto nayo ni vivyo hivyo. Vikombe vingi vimeharibiwa na mafundi wenye nguvu waliokuwa wakivikaza huku wakiamini kwamba wanavifungua. Habu ya nyuma hubeba gololi tisa za robo inchi kila upande, nazo hubadilishwa zote pamoja, kwani gololi moja mpya kati ya kongwe huwa kubwa kidogo na hubeba uzito wote peke yake. Fundi aliye makini huzipanga ndani ya grisi moja moja kwa ncha ya bisibisi, huingiza ekseli, hukaza koni, kisha huishika ekseli kwa vidole viwili na kuizungusha akiwa amenyamaza: ikikwaruza imekazwa mno, ikicheza imelegea, na kati ya hali hizo mbili kuna robo ya mzunguko wa spana tu. Ujuzi huo wa vidole hauandikwi kwenye cheti chochote, na ni haki uheshimiwe sawa na ujuzi wa injini.

Rangi ni suala dogo. Penye rangi ya asili iliyoshika iachwe pamoja na mikwaruzo yake. Penye chuma kitupu papigwe msasa, rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu.

Swali gumu zaidi ni la uaminifu kwa umbo la asili. Stumpjumper ya mwaka 1981 imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian huko Marekani, na ni sawa kwamba mahali fulani baiskeli moja ibaki na kila nati yake ya kwanza. Lakini kanuni ya makumbusho haiwezi kuwa kanuni ya barabara. Huko Kikuyu, nje ya Nairobi, David Kinjah amewafundisha vijana wa kundi la Safari Simbaz kuendesha na kutengeneza baiskeli kwa mikono yao wenyewe, na miongoni mwa waliojifunza chini yake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne. Shule ya aina hiyo huhesabu baiskeli kuwa nzima inapokwenda, wala haiulizi kama keria iliongezwa Kisumu au kama kiti kilitoka kwenye ndiga ya jirani. Baiskeli ya California iliyofungwa keria ya Kibuye na kupanda Koru asubuhi ikiwa na mtungi wa maziwa haijapoteza asili yake hata kidogo.

Ukanda wa Muhoroni una fremu nyingi za chuma zilizoegeshwa nyuma ya nyumba, zilizoingia na mitumba miaka mingi iliyopita na kuachwa pikipiki ilipokuja. Msikilizaji aliye na mojawapo anaombwa asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya kufanya jambo moja linalohitaji spana moja tu: ailegeze nati ya kiti, aitoe nguzo, aifute, aipake grisi na kuirudisha mahali pake, kabla mvua za Machi hazijaanza.